Kukatiwa Mota Juu ya Mihogo

Nina wivu. Nalisema mapema ili mtu asije akanikatiza katikati ya habari na kuniambia kwamba haya yote ni wivu tu. Ndiyo, ni wivu. Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza naubeba pamoja na betri zangu mpaka uwanjani, na jioni narudi nao nyumbani. Betri zinakuwa zimekwisha, wivu bado umejaa.

Uwanja ninaousema ni ule wa zamani wa mpira wa watu wa reli, hapa Kamina, nyuma ya karakana. Milingoti ya magoli iligeuka kuni miaka mingi iliyopita. Upande mmoja kuna njia ya treni na tangi kuukuu la maji lililokuwa likinywesha injini za moshi. Upande wa pili kuna mikaratusi, na nyuma ya mikaratusi kuna mashamba ya mihogo ya akina mama wa mtaa. Hapo ndipo tunaporusha ndeke zetu. Kwetu ndeke ni ndege yoyote inayopaa na watu ndani, lakini hizi zetu ni ndogo, unaibeba kwapani. Tunazitengeneza kwa frigoliti, kile kitu cheupe chepesi kinachofungiwa televisheni mpya, tunazitia mota na betri zinazotoka Lubumbashi, kisha tunaziongoza kutoka chini kwa telekomande. Watu wengine mjini wanasema tuna wazimu. Tunawaambia waje Jumapili.

Kilabu iliundwa na baba yangu na rafiki yake, wote wawili mashinisti, yaani waendesha treni. Baba amefariki. Rafiki yake ndiye prezida wetu mpaka leo, mzee mrefu mwenye kofia ya reli anayoivua kanisani tu. Na kwa kuwa walikuwa watu wa reli, hawakuona njia nyingine ya kupanga watu ila kwa vyeo vya reli. Anayeanza anaitwa manevri, kama wale wanaosukuma na kuunganisha mabehewa stesheni. Huyo anarusha akiwa amefungwa: telekomande yake inaunganishwa kwa waya na ya mwalimu, akikosea mwalimu anamnyang'anya usukani. Akiweza kupaa na kutua peke yake, na kuigeuza ndeke inayomjia usoni bila kuchanganya kushoto na kulia, anakuwa shofere, yule ambaye zamani alilisha makaa kwenye tanuru la injini. Juu ya shofere yuko mashinisti. Juu ya mashinisti hakuna mtu.

Watazamaji hawajui kupima. Wanampigia makofi yule anayepindua ndeke tumbo juu, mota ikipiga kelele. Baba alinifundisha kuipa ndeke mgongo na kumtazama mtu. Manevri anacheza dansi: ndeke ikienda kushoto na yeye anakwenda kushoto, anainua goti, anauma ulimi. Shofere ametuliza miguu, lakini bega bado linainama. Mashinisti anasimama kama mtu aliye kwenye foleni ya maji na zamu yake bado. Mimi ni mshonaji, kazi yangu ni mikono, kwa hiyo somo hilo liliniingia upesi. Naweza kukutajia cheo cha mtu kabla ndeke yake haijafika kwenye tangi.

Mtihani wa mashinisti ni mmoja tu. Mwamuzi anashika telekomande ya pili, iliyofungwa kwa waya na ile ya anayepimwa, na wakati wowote anaoutaka, bila kusema neno, anakata mota. Ndeke inabaki na usukani lakini nguvu haina. Inabidi itue nzima. Mahali pa kukata anachagua mwamuzi, na hapo kilabu yetu ina desturi ambayo hakuna aliyeitangaza na kila mtu anaifuata: mahali unapokatiwa ndipo heshima yako ilipo. Ukikatiwa juu sana, katikati ya uwanja, ndeke ikitazamana na upepo, hata manevri angeshuka salama. Ukikatiwa chini, kwenye kona ya mihogo, upepo ukiisukuma ndeke kwa nyuma, basi mwamuzi amekuona wewe ni mtu. Prezida atasema "amepita" kwa sauti ile ile. Lakini waliosimama pale wameona ni wapi.

Mimi baba alinikatia katikati ya uwanja. Nikasema ni kwa sababu mihogo ya akina mama ilikuwa imekomaa na baba hakutaka ugomvi. Mwaka uliofuata mihogo ilikuwa imeng'olewa yote, akanikatia pale pale, nikasema ni upepo. Baba alipofariki, prezida akaendelea kunikatia katikati ya uwanja, nami nikasema ni macho yake, yameingia ukungu siku hizi. Mtu akitaka sababu hazikosi.

Maana kwetu hakuna cheo cha kudumu. Kila mwaka kabla ya sikukuu ya parokia wote tunapimwa upya, na mashinisti anayetokea mbele ya wenzake ndiye anayerusha ndeke kubwa. Hiyo ndeke kubwa aliiunda baba kwa mbao nyembamba, na kitambaa cha mabawa nilikishona mimi kwa cherehani yangu, nikiwa bado msichana. Ni nyeupe, na mkia wake una mstari mwekundu. Ukiyanyoosha mabawa yake, yanampita mtu mzima kwa urefu. Siku ya parokia inazunguka juu ya kanisa na kumwaga peremende, na watoto wa mji mzima wanakimbia chini yake. Baba aliacha neno kwamba ndeke hiyo hairithiwi. Sikulalamika. Tangu afariki mashinisti nilikuwa mimi peke yangu, na prezida kwa macho yake hawezi tena, kwa hiyo kuirithi na kutoirithi ilikuwa mamoja.

Mpaka akaja yule mwanamke.

Mume wake ni adjida, askari mwenye cheo, kwenye Base, kile kiwanja kikubwa cha jeshi nje ya mji. Alitumwa aje kuangalia kama tunarusha drone za kupeleleza. Alifika kwa pikipiki, akazishika ndeke zetu moja moja, akagongagonga frigoliti kwa ukucha, akacheka. Nyuma alikuwa amempakia mke wake, na mtoto mchanga mgongoni kwa mke. Mume alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki waondoke, mke ndiye aliyebaki amesimama.

"Minyi naweza kujaribu?"

"Mama, na mutoto mu mugongo?" prezida akamuuliza.

"Mutoto analala. Haina shida."

Alizaliwa kijijini upande wa Kabongo, kwa wakulima, akaolewa, akamfuata mume wake kambi hadi kambi. Hakuwa amewahi kushika telekomande hata ya televisheni, alisema mwenyewe akicheka, kwa sababu nyumbani ile anashika mume. Prezida akamfunga kwa waya. Jumapili ile alicheza dansi kama wote, nami nikamcheka kidogo, kwa wema. Jumapili iliyofuata dansi ilipungua. Mvua hazijachanganya vizuri, nikamwona amesimama kama aliye kwenye foleni ya maji.

Nataka nieleze nilichokiona, kwa sababu watu wanadhani nilimwonea wivu kwa uzuri au kwa mume mwenye mshahara. Mtoto aliamka mgongoni akaanza kulia. Yeye, ndeke ikiwa mbali juu ya reli, akaanza kumbembeleza kwa kiuno, kulia na kushoto, kama mama yeyote anavyofanya. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa anabembeleza mtoto. Kuanzia viwikoni mpaka vidoleni hakuna kilichotikisika. Ndeke ilipita juu yetu imenyooka kama mshono wa cherehani. Prezida, ambaye ndeke yenyewe haioni tena vizuri, alikuwa anamtazama mikono, akasema polepole, "Ule ana mukono."

Ana mkono. Maneno mawili tu. Baba aliyatumia kwa watu wachache sana maishani mwake. Mimi aliponisema mbele ya wageni alisema, "Anafanyaka nguvu, mutoto wangu." Yaani najitahidi. Hata cherehani iliyochakaa inajitahidi. Usiku ule nilirudi nyumbani nikakata mkono wa blauzi ya mteja kinyume, kitambaa kizuri, nikalazimika kununua kingine.

Tangu hapo sikuwa na amani. Alipanda kuwa shofere upesi hata sikupata muda wa kumzoea akiwa manevri. Alikuwa ananiita yaya, kama dada yake mkubwa, ananiletea mihogo ya kuchemsha kwenye sahani iliyofunikwa, ananiuliza kila kitu: betri, upepo, gundi. Nilimjibu vizuri. Kadiri nilivyomjibu vizuri ndivyo alivyozidi kurusha vizuri, na usiku nilijilaumu kwa ukarimu wangu. Kinachouma zaidi ni kwamba hakuwa anatafuta sifa. Akitua, anafungua khanga, anamnyonyesha mtoto, anaongea habari za bei ya unga. Kama angejivuna ningepumzika.

Akaomba kupimwa umashinisti. Na sheria ni sheria: shofere anapimwa na mashinisti, na mashinisti ni mimi.

Nilimkatia kwenye kona ya mihogo. Sikumkatia pale kwa kumheshimu. Nilitaka aanguke. Nilisubiri ndeke iwe imeshuka chini, imepita mikaratusi, upepo wa reli unaisukuma kwa nyuma, ndipo nikakata. Simwombi mtu msamaha kwa hilo. Mwamuzi anachagua mahali, nami nilichagua.

Mota ikinyamaza mahali kama pale, kila kitu mwilini mwako kinataka kuvuta pua ya ndeke juu, iondoke kwenye mihogo. Ukivuta, imekwisha: inapoteza mwendo, inasimama hewani, inadondoka. Inatakiwa uisukume pua chini, kuelekea hasa kile unachokiogopa, ili ipate mwendo wa kugeuka. Kusema ni rahisi. Nimewafundisha hilo watu wote waliopita mikononi mwangu.

Alisukuma. Papo hapo, kama vile alikuwa amekubaliana na kidole changu. Ndeke ikashuka nyuma ya mikaratusi, tukaipoteza, mtu mmoja akasema "bilikwisha," kisha ikatokea pembeni, chini sana, inalala kwenye upepo. Hakujaribu hata kufika uwanjani. Aliiweka kwenye njia nyembamba ya udongo mgumu ambayo akina mama wanapita kwenda mashambani, ikateleza kwa tumbo, ikasimama. Hakuna kilichovunjika.

Watu walipiga kelele mpaka mtoto akaamka. Prezida akanijia mimi kwanza. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamemlowa.

"Uko na roho nzuri," akaniambia. "Kumukatia kule mara ya kwanza! Bengine bangeogopa kumupa heshima ya namna ile."

Na yeye mwenyewe akaja, akapiga goti kidogo kama Waluba wanavyofanya kwa mkubwa.

"Wafwako, yaya," akasema, yaani asante. "Ku kambi banasemaka bibi ya militeri iko wa kupika tu. Weye ulinikatia pa bantu bakubwa."

Ningefanya nini? Wote walikuwa wamesoma wivu wangu kwa desturi yetu, na kwa desturi yetu ulisomeka kuwa heshima. Nilisema, "Karibu, mudogo wangu." Nikala mihogo yake.

Ikafika Jumapili ya vipimo kabla ya parokia. Mashinisti tulikuwa wawili sasa. Prezida akasema kwamba yule tumekwisha kumwona juzi juzi, hana haja ya kurudia, nibaki mimi. Nikitua vizuri, ndeke kubwa ni yangu kwa ukubwa wangu kilabuni. Nikivunja, ni yake. Telekomande ya pili akapewa yeye. Watu walikuwa wengi. Treni ya mizigo ilikuwa imesimama kwa sababu zake, na wafanyakazi wake walikaa kwenye ngazi wakitazama.

Nilirusha vizuri siku ile, nasema kweli. Nilipita juu ya tangi, nikageuka, nikashuka kuelekea kona ya mihogo, nikimngojea. Hakukata. Nikazunguka tena, chini zaidi. Hakukata. Nikapanda, nikaja katikati ya uwanja, juu kabisa, pua ikitazama upepo. Mota ikanyamaza.

Nilimgeukia. Alikuwa ananitabasamia kwa upole, kama unavyomshika mkono mzee anayevuka reli. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa amenitazama mikono kwa miezi ile yote, akanipima, akajua.

"Washa tena," nikamwambia.

"Yaya, shuka tu. Iko muzuri."

"Washa, minyi nasema. Halafu ukate kule kwenye nilikukatia weye."

Alimtazama prezida. Prezida akatikisa kofia kukubali. Mota ikawaka. Nikaizungusha ndeke kwenye reli, kwenye tangi, nikaishusha, nikapita mikaratusi. Nilikuwa najua kabisa kinachokuja na mahali kitakapokuja, kitu ambacho yeye hakupewa. Akakata.

Nikavuta.

Vidole vyangu vilivuta pua juu. Nilivitazama vikivuta. Ndeke ikasimama hewani juu ya mihogo, ikainamisha bawa moja, ikaenda chini.

Nilikwenda kuokota vipande mwenyewe. Prezida akanifuata polepole kati ya mashina, anatafuta kwa miguu kile ambacho macho hayakioni, akanipa bawa. Pale, majani yakituficha na watu, nikamuuliza sababu.

"Juu ya nini hamukunikatiaka huku? Weye na baba, miaka yote ile?"

"Unataka nikuambie nini?"

"Uniambie."

Akaivua kofia, na hatukuwa kanisani.

"Baba yako njo alikataza. Alisema, 'Mutoto wangu anapenda sana ile kazi, lakini mukono hana. Mumukatie pa muzuri, musimuvunjie roho.'"

"Mungeniambia."

"Tungekuambia, ungebakia?"

 Niliendelea kuokota frigoliti, vipande vidogo vidogo vimetawanyika kama wali uliomwagika, mpaka nikavimaliza vyote, hata visivyo na faida.

Siku ya parokia yeye ndiye aliyerusha ndeke kubwa ya baba yangu. Kwa mara ya kwanza alimtoa mtoto mgongoni, akanipa mimi. "Yaya, unishikirie." Nikashika mtoto wa watu na kutazama mabawa niliyoyashona mwenyewe yakipita juu ya kanisa, yamenyooka, peremende zikimwagika mahali hasa zinapotakiwa. Mwaka wangu wa mwisho nilizimwaga nusu juu ya bati la shule. Watu walishangilia. Padri alishangilia. Kwa wivu nikambana mtoto mpaka akalalamika.

Jumapili iliyofuata nilifika na ndeke mpya, mbaya, nimeiunganisha kwa gundi na uzi wa cherehani. Nikajifunga waya kama manevri. Nikampa telekomande ya pili.

"Unikatie kule," nikamwambia. "Kila mara kule."

"Yaya, utamaliza frigoliti yote ya Kamina."

"Iko yangu. Weye kata."

Anakata. Hanionei huruma tena, nami namchukia kwa hilo kama nilivyomchukia kwa huruma. Nimevunja ndeke nyingi. Wenye maduka ya televisheni wananijua, wananiwekea maboksi. Kila ikinyamaza, vidole vinavuta. Natukana, naokota, naunganisha, narudi.

Jumapili iliyopita ilinyamaza, nikasukuma. Sijui ilitoka wapi. Ndeke ikashuka kuelekea mihogo, ikapata mwendo, ikageuka kwa shida, ikagonga ile njia ya akina mama, ikavunja helisi, ile feni ya mbele, basi. Kila kitu kingine kizima. Prezida hakuona, ila alisikia jinsi ilivyotua, akapiga makofi, na wengine wakamfuata.

Yeye hakupiga makofi. Alikuja na mtoto wake mgongoni, akaokota helisi, akaigeuzageuza.

"Ulichelewa kushusha pua," akasema.

Nilitaka kumpiga kofi. Kisha nikachukua ndeke yangu nikaenda kukaa kwenye reli, kwa sababu machozi yalikuwa yananijia na sikutaka ayaone. Ni kweli, nilichelewa. Na baba yangu, miaka yote ile aliyosimama nyuma yangu na telekomande ya pili, hakuwahi hata siku moja kuniambia kwamba nimechelewa.